Kuelekezwa Siyo Kulindwa

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wale mlionitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko nawashukuru sana kwa kunitakia mema, hehe. Sijadisko. Nilikuwa fildi, wiki nane za kufundisha Hisabati na Kompyuta kwenye shule moja ya binafsi, ya bweni, huko mkoa wa Morogoro. Chaki, andalio la somo, azimio la kazi, zamu za asubuhi, kukaguliwa na mhadhiri kutoka chuoni, vyote vimepita salama. Sasa nimerudi Dar, bumu bado halijatoka, kwa hiyo muda wa kuandika upo tele.

Leo nataka kuongelea kitu ambacho tulipofundishwa mwaka wa pili nilikiona cha kawaida kabisa, mistari miwili ya programu halafu unaendelea na maisha. Ni lile jambo linalotokea sekunde moja baada ya mtu kuandika jina lake na neno lake la siri kwenye mfumo. Anapelekwa wapi? Mwalimu anapelekwa ukurasa wa walimu, mwanafunzi ukurasa wa wanafunzi, mhasibu kwenye mambo yake ya ada. Kila mtu anafika kwake, mfumo unaonekana una akili. Kumbe akili yenyewe inaweza kuwa ya juu juu tu, na huko fildi nimeona kitu hiki kidogo kilivyokaribia kumsimamisha masomo mtoto wa watu.

Ngoja kwanza nieleze inavyofanya kazi kwa wenzangu wa Kiswahili na Historia. Wa Kompyuta mnaweza kuruka aya mbili zinazofuata.

Tovuti haina kumbukumbu. Kila ukibofya, kivinjari chako kinatuma ombi jipya kwa seva, na seva inakujibu kana kwamba haijawahi kukuona tangu kuzaliwa. Mwaka 1994 jamaa mmoja wa Netscape, Lou Montulli, akabuni kuki, yaani kijikaratasi ambacho seva inakukabidhi mara ya kwanza, nawe unakionyesha kila unaporudi. Ukishaingia kwa neno la siri, kijikaratasi chako kinakuwa na namba ndefu, na seva inabaki na daftari lake linaloonyesha namba ile ni ya nani. Ndo maana huulizwi neno la siri kila ukifungua ukurasa mpya.

Sasa tuje kwenye kuelekezwa. Seva ikishakutambua inakujibu kwa namba 302 na mstari mmoja unaoitwa Location, wenye anuani nyingine. Maana yake ni "unachokitaka kwa sasa kiko kule, nenda". Kivinjari kinatii, kinatuma ombi jingine kwenye anuani hiyo, ukurasa unafunguka, wewe huoni chochote zaidi ya kiduara kuzunguka. Ni kama ofisi zetu tu. Unafika mapokezi, dada anaangalia kitambulisho chako, anakwambia "nenda dirisha namba 3". Hakushiki mkono kukupeleka. Ukiamua kwenda dirisha namba 7, miguu ni yako. Na kama yule wa dirisha namba 7 haulizi chochote kwa sababu anajua mapokezi wameshauliza, basi utahudumiwa vizuri tu na karatasi za watu utaondoka nazo.

Haya, wa Kompyuta rudini.

Shule niliyokuwepo ina mfumo wake wa matokeo, ulitengenezwa na fundi mmoja wa mjini kabla mimi sijafika. Kwa macho ulikuwa mzuri, sitaki kudanganya. Kila Ijumaa jioni wanafunzi wanaingia chumba cha kompyuta kwa zamu, kila mmoja analogini na kuona maksi zake za majaribio ya wiki. Zake tu. Walimu wakiingia wanaona orodha ya shule nzima.

Siku moja, wiki yangu ya nne pale, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akanifuata baada ya kipindi. Simtaji jina na wala sitasema anafananaje.

"Shikamoo madam."

"Marahaba, vipi?"

"Madam, nina kitu nataka kusema ila naomba usiniandike."

Nikamwambia aseme kwanza, kuandikwa tutajua baadaye. Akasema wiki iliyopita kwenye baraza la wanafunzi mwalimu wa taaluma alifungua ukurasa wa walimu kwenye projekta ili waone wastani wa kila darasa. Anuani ya ukurasa ilikuwa inasomeka pale juu, kubwa kabisa, ukutani. Yeye akaikariri. Ijumaa alipoingia kwa jina lake na neno lake la siri, akafuta anuani ya ukurasa wake, akaandika ile ya projekta, akabonyeza. Ikafunguka. Orodha ya shule nzima, majina, maksi, ada anayodaiwa kila mzazi, na safu moja ya mwisho ambayo walezi wa mabweni huandika maelezo ya mtoto mmoja mmoja.

Kwenye safu hiyo alisoma habari za msichana wa darasani kwao. Matroni alikuwa ameandika kwamba ana selimundu, kwa hiyo asipewe kazi nzito, asiadhibiwe kwa viboko, na akilalamika maumivu apelekwe zahanati bila kusubiri. Maelezo mazuri ya mlezi anayejua kazi yake. Ila yule binti alikuwa hajamwambia mtu yeyote darasani.

"Madam, mimi sikutaka kujua ile," kijana akasema. "Na kama mimi nimeona, na wengine wataona."

Wadau, mtu wa miaka kumi na saba anakuja mwenyewe kusema hivyo. Nikampeleka kwa mwalimu wa taaluma, maana ndo utaratibu. Mpaka saa nane mchana habari ilikuwa imeshabadilika sura. Ofisini walimu walikuwa wanasema kuna mwanafunzi kadukua mfumo wa shule! Mwalimu wa nidhamu akapendekeza asimamishwe wiki tatu na mzazi aitwe. Wiki tatu Kidato cha Tatu siyo mchezo, na mzazi mwenyewe yuko mbali, nauli tu ya kuja na kurudi ni mtihani.

Kamati ya nidhamu ikakaa kesho yake. Mkuu wa shule, mama mmoja mtulivu sana, akaagiza na mimi niwepo kwa kuwa ndo nilikuwa nafundisha Kompyuta. Wenzangu wa fildi wakanishauri nikae kimya, kwamba mhadhiri anakuja kunikagua wiki hiyo hiyo, shule ndo inajaza fomu yangu, na mimi ni mpita njia pale. Ushauri wenyewe haukuwa wa kijinga. Nikaingia hivyo hivyo.

Nikaomba niulize swali moja: je, kijana alitumia neno la siri la mtu mwingine? Hapana. Alivunja au kupachika kitu chochote? Hapana. Aliingia kwa jina lake, akaandika anuani ambayo shule ilimwonyesha ukutani. Nikawaambia mfumo wetu umefanya kazi kama mlinzi wa getini anayekagua vitambulisho vizuri sana, halafu anawaambia wanafunzi "ninyi bwenini" na walimu "ninyi ofisini", huku mlango wa ofisi hauna kitasa. Mwanafunzi akiingia ofisini ana la kujibu, sikatai, lakini na aliyeacha ofisi bila kitasa huku mafaili ya watoto yako mezani, naye ana la kujibu.

Makamu wa mkuu akampigia simu fundi pale pale, akaweka sauti kubwa wote tusikie. Fundi akasema mfumo uko salama asilimia mia, una kufuli, tuangalie wenyewe pale juu pembeni ya anuani. Kweli tukaangalia, kufuli lipo. Walimu wakanigeukia mimi.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hili la kufuli linawachanganya wengi, hata wanaojua. "Ukurasa salama" ni maneno mawili tofauti yaliyovaa nguo moja. Usalama wa kwanza ni wa njiani, kwamba kati ya kompyuta yako na seva hakuna anayeweza kusoma kinachopita. Hiyo ndo HTTPS, na ndo habari ya kufuli. Zamani tovuti nyingi kubwa zilikuwa zinafunga ukurasa wa neno la siri tu, halafu mtu akishaingia anaelekezwa kwenye kurasa za kawaida zisizofungwa, huku kuki yake inapita wazi hewani. Oktoba 2010 kijana mmoja wa Marekani, Eric Butler, akatoa programu ndogo ya kivinjari cha Firefox inayoitwa Firesheep ili kuonyesha ubaya wake. Ukikaa mahali penye Wi-Fi ya wazi unabofya tu, unaona watu walioko kwenye Facebook na kwingineko, unachukua kuki ya mtu na tayari wewe ni yeye. Neno la siri hulihitaji. Kelele zikawa nyingi, Januari 2011 Facebook ikawapa watumiaji hiari ya kufungiwa kurasa zote, na kufikia 2013 ikawa kwa wote. Tangu mwisho wa 2015 cheti cha kufuli unakipata bure kwa Let's Encrypt. Kwa hiyo siku hizi kufuli siyo kitu cha kutamba nacho, ni kama nyumba kuwa na paa.

Usalama wa pili ni wa mlangoni, nani anaruhusiwa kuona nini. Kufuli halisemi lolote kuhusu huo. Njia inaweza kuwa salama kabisa, hakuna aliyekuchungulia, na ukafika salama salimini mahali usipotakiwa kufika. Kijana wetu alisoma habari za selimundu kwa njia iliyofungwa vizuri sana.

Nikawaambia hili siyo la shule ndogo tu. Mwaka 2011 benki ya Citi ya Marekani ilipata msiba huu huu. Kwa mujibu wa magazeti ya wakati ule, wezi waliingia kwenye tovuti ya wateja wa kadi kama wateja halali, kisha wakawa wanabadilisha namba ya akaunti kwenye anuani, na ukurasa wa mtu mwingine unafunguka. Wakaandika programu ya kuzibadilisha namba hizo haraka haraka. Akaunti zilizoguswa zilizidi 360,000. Mlangoni waliulizwa neno la siri, ndani hakuna aliyewauliza tena kama akaunti wanayoitaka ni yao.

Mwalimu wa nidhamu akanikata: "Madam, kwa hiyo hao wa benki hawakuwa wezi?"

Swali zuri, na nililitegemea. Nikasema walikuwa wezi, Mwalimu. Citi yenyewe ilisema kama dola milioni 2.7 ziliibwa. Lakini wao walichukua wakanyamaza. Huyu wetu aliona mara moja, akaja kusema bila kuitwa. Tukimsimamisha, atakayeona tundu linalofuata atanyamaza, na tutakuwa tumewafundisha sisi wenyewe. Kimya kikapita. Mkuu akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, hakuna. Kijana akapewa onyo la mdomo, akaambiwa aliyoyasoma yabaki moyoni mwake, na ukurasa wa walimu ukazimwa mpaka fundi autengeneze.

Mngedhani habari imeisha. Bado.

Siku mbili baadaye fundi akasema tayari. Tukatengeneza akaunti ya mwanafunzi wa majaribio, asiyekuwepo duniani, tukaingia nayo, tukaandika ile anuani ya walimu. Paap, tukarudishwa kwenye ukurasa wa wanafunzi. Makamu akapiga makofi. Mimi nikamwomba Mkuu ruhusa ya jaribio moja zaidi, na nikamwomba aiandike kwenye karatasi na kusaini, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichekeshi, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa hata kama nia yako ni njema. Akacheka, akaandika.

Nikafungua kompyuta yangu mpakato, nikatumia programu moja ya bure inaitwa curl. Hii inatuma ombi kwa seva kama kivinjari, ila ina tabia moja nzuri: ikiambiwa "nenda kule" haiendi mpaka uwe umeiamuru ifuate. Inakuonyesha tu ilichojibiwa, chote. Nikaipa kuki ya mwanafunzi wetu wa majaribio na anuani ya ukurasa wa walimu.

Mstari wa kwanza, 302. Chini yake, Location, nenda ukurasa wa wanafunzi. Chini yake tena... orodha ya shule nzima. Majina, maksi, ada, maelezo ya walezi. Vyote. Mkuu alivaa miwani akasogea karibu, akaona majina ya watoto wake yanashuka kwenye kioo, mia tatu na kitu, chini ya maneno yanayomfukuza mgeni.

Kilichotokea ni hiki. Mfumo umeandikwa kwa PHP. Fundi aliweka juu ya ukurasa sharti kwamba asiyekuwa mwalimu aelekezwe kwingine, kwa amri inayoitwa header. Lakini header inaandika tu ule mstari wa Location kwenye jibu, haisimamishi programu. Programu inaendelea chini, inasoma daftari la data, inachapa ukurasa wote na kuutuma. Kivinjari kikiona 302 kinakimbilia anuani mpya na kutupa kilichobaki, kwa hiyo kwa macho unaona umezuiwa. Ni mlinzi anayekwambia "huruhusiwi, rudi ulikotoka" huku mkono mwingine unakukabidhi faili. Dawa yake ni neno moja, exit, mara tu baada ya header. Tatizo hili lina jina na linasomwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, waliliandikia utafiti mzima.

Nikampigia fundi.

"Kaka, habari za kazi?"

"Salama dada. Si mmeona inarudisha?"

"Inarudisha kaka, ila inarudisha ikiwa imeshatoa mzigo."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sikuweka exit?"

"Hujaweka."

Kwa haki yake niseme, hakubisha hata kidogo. Baada ya dakika kumi ilikuwa imekaa sawa. Tukaongea zaidi ya nusu saa siku ile, bando langu likaisha, na tukakubaliana mambo ambayo nayaweka hapa kwa ajili ya yeyote anayetengeneza mfumo wenye watu wanaoingia.

La kwanza, kila ukurasa ujiulize maswali mawili kabla haujagusa data: huyu ni nani, na je, anaruhusiwa hiki anachokitaka? Swali la kwanza pekee halitoshi. Mfumo wetu ulikuwa unauliza la kwanza tu, ndo maana mwanafunzi halali alipita. Na maswali hayo yakae kwenye faili moja linaloitwa juu ya kila ukurasa, jibu la kawaida likiwa "hapana", ili ukurasa mpya ukiongezwa na mtu akisahau kuuandikia ruhusa, ujifunge wenyewe.

La pili, kuelekeza kubaki kuwa ukarimu. Mtu hajaingia na anataka ukurasa fulani? Mpeleke kwenye ukurasa wa kuingia, kumbuka alikokuwa anakwenda, akishaingia mrudishe pale pale asianze kutafuta upya. Lakini hiyo anuani ya kumrudisha mara nyingi inakaa kwenye kiungo chenyewe, na tapeli anaweza kuibadilisha: anakutumia kiungo cha kweli cha shule yako, unaingia vizuri, kisha mfumo wako mwenyewe unakupeleka kwenye tovuti yake iliyofanana na yenu, inakwambia neno la siri limekosewa, andika tena. Kubali anuani za ndani tu. Na usidhani kila kinachoanza na mkwaju ni cha ndani, maana mikwaju miwili ikifuatana mwanzoni, kivinjari kinaelewa ni tovuti nyingine.

La tatu, aliyeingia tayari lakini haruhusiwi asirudishwe kwenye ukurasa wa kuingia. Ukurasa wa kuingia utaona ameshaingia, utamrudisha alikotoka, kule nako watamfukuza tena, watarushiana kama mpira mpaka kivinjari kichoke na kukataa. Mwambie ukweli, huruhusiwi. Namba yake ipo, 403.

La nne, kompyuta zetu za shule zinatumiwa na watu wengi. Mwalimu akitoka kwenye mfumo na kuondoka, anayekaa baada yake akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma anaweza kuona ukurasa uliohifadhiwa na kivinjari. Seva iseme wazi kwamba ukurasa huo usihifadhiwe, amri yenyewe inaitwa no-store. Na mtu akishaingia, namba yake ya kuki ibadilishwe iwe mpya, ili aliyekuwa anaijua ile ya mwanzo asiingie naye.

Haya yote hayahitaji pesa. Na msidhani ni makosa ya mafundi wa uchochoroni. Kundi la OWASP, ambao kazi yao ni kufuatilia udhaifu wa tovuti duniani, kwenye orodha yao ya 2021 waliupandisha udhaifu wa ruhusa mbovu kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1.

Mkuu naye alifanya lake. Nilimtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ambayo habari za afya ya mtu inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Akaagiza safu ya walezi iondolewe kabisa kwenye mfumo, irudi kwenye faili la karatasi ndani ya kabati la matroni, lenye ufunguo. Halafu akampigia simu mama wa yule binti, na binti mwenyewe akaitwa na kuambiwa na Mkuu kilichotokea. Nilimheshimu kwa hilo. Shule nyingi zingenyamaza zikaombea isijulikane.

Binti akanikuta siku chache baadaye nje ya chumba cha kompyuta. Akanisalimia, akasimama, akauliza, "Madam, waliosoma ni wangapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba aliyekuja kusema ni mmoja. Kuhusu waliokuja kabla yake, mfumo haukuwa unaandika popote nani kafungua ukurasa gani lini, kwa hiyo hakuna daftari la kuangalia. Akaitikia kwa kichwa, akasema asante madam, akaenda zake darasani. Jioni ile nikampigia fundi tena, tukaongeza hilo la tano: kila anayefungua ukurasa wa walimu, na kila anayekataliwa, jina lake na saa yake viandikwe. Kwa binti yule limekuja limechelewa.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, na hasa ninyi mnaokwenda fildi mwakani, shule ikikuonyesha mfumo wake na kukwambia uko salama, omba akaunti mbili za majaribio, ya mwalimu na ya mwanafunzi, na ruhusa ya maandishi. Ingia kama mwalimu, nakili anuani za kurasa zote. Toka, ingia kama mwanafunzi, ziandike moja moja uone. Ni kazi ya nusu saa. Ukirudishwa usishangilie kwanza, muulize fundi kama ameweka exit.

Mimi naishia hapa, matokeo ya fildi bado hayajatoka, na bumu likitoka mtanijulisha maana huku Mabibo kila mtu anadai ameliona kwa jirani yake tu. Siku njema wadau.